Faili la bechi limeendeshwa mara ngapi? Tengeneza kihesabu chake kwa dakika kumi

Asalaam aleikum watazamaji, karibuni. Niko Langoni, Lamu, dukani kwa ami yangu anayeuza saruji, misumari na rangi. Kompyuta hii mnayoiona mezani ndiyo iliyobeba daftari la madeni la duka zima, na kila saa faili dogo la bechi, yaani orodha ya amri ambazo Windows huziendesha mfululizo, hulinakili kwenye diski ya nje. Mwezi uliopita stima ilikatika usiku. Asubuhi ami akaniuliza, “Mwanangu, hii mashine imenakili mara ngapi tangu jana?” Sikuwa na jibu. Tulipofungua diski tukakuta daftari la siku tatu nyuma. Madeni ya siku hizo tuliyatafuta kwenye risiti na vichwani mwetu, na mengine hatukuyapata tena.

Kwa hiyo leo tunatengeneza kihesabu. Hupakui chochote, Windows yenyewe inatosha.

Fungua Notepad, andika hivi hivi:

@echo off
set "f=%~dp0hesabu.txt"
set "n=0"
if exist "%f%" set /p n=<"%f%"
set /a n+=1
>"%f%" echo %n%
>>"%~dp0kumbukumbu.txt" echo %date% %time% %n%
echo Mara ya %n%

Lihifadhi kwa jina hesabu.bat, kwenye folda ile ile ya faili lako la kunakili. Pale chini kwenye aina ya faili chagua mafaili yote, la sivyo Notepad italibandika .txt mwishoni.

Sasa fungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt), ingia kwenye folda hiyo kwa cd, amri ya kuhamia folda, andika hesabu, bonyeza Enter. Mara ya 1. Tena. Mara ya 2. Umeona?

Tuutazame mstari wa sita kwa makini, maana mimi ulinipotezea jioni nzima. Alama ya mshale nimeitanguliza mbele ya echo. Mwanzo niliandika echo %n%>"%f%", na kila nikiendesha napata mara ya 1, mara ya 1, mara ya 1. Sababu ni kwamba namba ya tarakimu moja ikigusana na mshale, Windows haioni tena kuwa ni namba ya kuandika. Inaidhania ni namba ya njia ya kupitishia matokeo. Basi ndani ya faili huingia maneno “ECHO is off.”, na safari inayofuata set /a, ile amri ya kujumlisha, hukuta maneno badala ya namba, inayahesabu sifuri, unarudi kwenye moja. Tanguliza mshale, yaishe.

Ile %~dp0 nayo usiiache. Maana yake ni folda lilipo faili lenyewe. Kazi ikiendeshwa na Task Scheduler, programu ya Windows ya kuendesha kazi kwa ratiba, mara nyingi huanzia System32, folda ya Windows yenyewe, na huko hesabu.txt yako haipo. Na usiipambe namba kwa sifuri, ukaandika 008. Kwa set /a, namba inayoanza na sifuri ni ya hesabu ya nane nane, na humo hakuna 8 wala 9, hesabu itaharibika.

Tuunganishe. Fungua faili lako la kunakili, na ule mstari wa xcopy, yaani amri inayonakili, uumalizie hivi:

&& call "%~dp0hesabu.bat"

Zile && mbili zinasema: hesabu ikiwa tu kunakili kumefaulu. Diski ikiwa imechomolewa, namba haipandi, na hicho hasa ndicho ninachotaka kukijua. Neno call nalo ni la lazima. Bila hilo, kihesabu kikimaliza hakirudi, na mistari iliyobaki ya faili lako haitaendeshwa.

Asubuhi, ukifika dukani, fungua dirisha la amri kwenye folda ile ile, andika:

find /c /v "" <kumbukumbu.txt

Inakupa idadi ya mistari ya kumbukumbu.txt, faili ambamo kihesabu huandika tarehe na saa ya kila safari; mstari mmoja ni safari moja. Linganisha na namba iliyomo hesabu.txt. Stima ikikatika katikati ya kuandika, hesabu.txt yaweza kubaki tupu na kihesabu kikaanza upya kwenye moja. Ukiikuta iko chini, ifungue kwa Notepad, andika idadi uliyoipata kwenye kumbukumbu, hifadhi. Safari ijayo kitaendelea kutoka hapo.