Ufanisi wa Asilimia 2,400: Pampu, Bodaboda na Breki

REHEMA: Karibuni. Leo tuna maswali mawili ya fizikia, kwa hiyo chukua karatasi. La kwanza: pampu inayotumia wati 750 inavuta maji kisimani na kujaza tangi la lita 1,000 kwa dakika 6 na sekunde 40. Uso wa maji kisimani uko mita 3 chini ya pampu, na mdomo wa bomba pale tangini uko mita 9 juu ya pampu. Ufanisi wake, yaani sehemu ya umeme inayogeuka kazi yenye faida, ni asilimia ngapi?

BARAKA: Kabla hujashika kalkuleta, jiulize pampu imewekwa ifanye nini. Kupandisha maji, basi. Hiyo ndiyo kazi yenye faida. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, g, yaani mvutano wa dunia kwa kila kilo, tuchukue 10, halafu kimo...

REHEMA: Hapo kwenye kimo ndipo wengi wanapoteleza. Wanaandika 9.

BARAKA: Kwani maji yamezaliwa kwenye pampu? Yametoka mita 3 chini yake, kwa hiyo kimo ni 12. Tena unapima hadi mdomo wa bomba, hata kama tangi ni tupu na maji yanadondoka hadi kitako chake. Kule juu pampu ilishayafikisha. Zidisha: 1,000 kwa 10 kwa 12, juli 120,000.

REHEMA: Upande wa umeme, wati 750 ni juli 750 kila sekunde, kwa sekunde 400. Hizo ni juli 300,000. Gawanya 120,000 kwa 300,000, unapata 0.4, yaani asilimia 40.

BARAKA: Mtu akisahau kugeuza dakika kuwa sekunde, anapata juli 5,000 tu zilizoingia, na ufanisi wa asilimia 2,400! Ukiona jibu limepita 100, rudi kwenye vizio. Kosa baya zaidi ni lile lisilopiga kelele: kuandika 6.4 badala ya dakika 6 na sekunde 40. Unapata sekunde 384 na asilimia 41.7, jibu linalofanana kabisa na la kweli.

REHEMA: Na ile asilimia 60 imeishia wapi?

BARAKA: Joto kwenye nyaya za mota, maji kuvurugika ndani ya pampu, msuguano bombani. Bomba jembamba lenye elbo nyingi linakula sana. Halafu ukienda kupima pampu halisi, soma kibati chake kwa makini: ile kilowati 0.75 mara nyingi ni nguvu ya mota kwenye shafti, ule mhimili unaozungusha pampu. Umeme unaoingia ni zaidi ya hapo.

REHEMA: Haya, barabarani. Bodaboda, dereva na abiria, jumla kilo 270, mwendo kilometa 36 kwa saa. Dereva anaona ng'ombe. Sekunde 1 inapita kabla hajakamata breki. Kisha kasi inapungua kwa mita 5 kwa sekunde, kila sekunde.

BARAKA: Gawanya 36 kwa 3.6, una mita 10 kwa sekunde. Sekunde ya kushtuka imekula mita 10, breki bado. Kusimama kunachukua sekunde 2. Sasa wengine wanazidisha 10 kwa 2, wanapata 20. Si sahihi, kwa sababu kasi inashuka hadi sifuri. Wastani ni 5, kwa hiyo mita 10. Jumla mita 20.

REHEMA: Na akiwa kwenye 72?

BARAKA: Kushtuka mita 20, breki mita 40. Jumla 60! Kasi imezidi mara mbili, nishati mwendo, yaani nusu ya kilo mara kasi mara kasi, imezidi mara nne: kutoka juli 13,500 hadi 54,000.

REHEMA: Akibeba na gunia la kilo 90 je? Turudi kwenye 36.

BARAKA: Inategemea kinachozuia. Kani ya mwanzo ni 270 mara 5, nyutoni 1,350. Kama breki zimechoka na hazivuki hapo, gawanya 1,350 kwa kilo 360: mchapuko, yaani ile kasi inayopungua kila sekunde, unashuka kutoka 5 hadi 3.75, na mita 10 za breki zinakuwa 13.3. Lakini kama breki ni kali na tairi zinaburuzika, msuguano nao unaongezeka na uzito, na umbali haubadiliki sana. Swali lisiposema, andika umechukulia lipi.

REHEMA: Pikipiki ya umeme inaweza kurudisha sehemu ya hizo juli 13,500 kwenye betri. Tuseme inarudisha asilimia 40.

BARAKA: Juli 5,400. Betri ya kilowati-saa 2 inabeba juli 7,200,000. Ungehitaji kusimama mara 1,333 hivi kuijaza.

REHEMA: Na kila mara uondoke tena kwa umeme wa betri ileile.