Kamera ndogo ya kwenda mbugani: msikimbilie namba ya zumu

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu mambo vipi. Niko hapa Hamburg, na leo najibu swali mnaloniuliza sana: nataka kamera ya kuingia mfukoni, inayovuta mbali, niende nayo Mikumi au Serengeti. Ninunue ipi?

Dukani wataanza na namba. "Hii inavuta mara 40!" Ni kweli, Canon SX740 inavuta mara 40 kwa lenzi yenyewe. Ila sensa yake, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga na kutengeneza picha, ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Panasonic TZ200, nayo ya 2018, inavuta mara 15 tu, lakini sensa yake ina eneo kubwa kama mara nne. Sasa jiulizeni, simba anatembea saa ngapi? Alfajiri na jioni, mwanga hafifu. Tena lenzi hizi, ukizivuta hadi mwisho, zinapitisha mwanga kidogo zaidi. Hapo sensa ndogo inakuletea chengachenga tupu, manyoya huyaoni.

Mimi nasimama na sensa kubwa. Mara 15 hiyo inakufikisha milimita 360, kipimo cha jinsi lenzi inavyovuta mbali, kwa hesabu ya kamera za filamu. Twiga akiwa kando ya barabara anakujaa kwenye picha mpaka unalazimika kurudisha nyuma. Kama unafuata ndege wadogo juu ya migunga, hapo sawa, chukua ya mara 40, upige jua likiwa juu.

Halafu kuna kitundu cha kuchungulia. TZ200 inacho, SX740 haina. Ndugu zangu, jua la saa saba mnalijua, kioo cha nyuma kinakuwa cheusi kabisa. Na ukiibana kamera kwenye uso, mkono unatulia. Ukivuta mbali, kutetemeka kidogo tu kunaharibu picha. Mwombeni dereva azime injini pia.

Zumu ya dijitali izimeni kwenye menyu. Inakata picha na kuitanua, basi.

Wanaonunua iliyotumika, na najua ni wengi, tafadhali angalieni vumbi. Lenzi ya kamera hizi haifunguliwi, na kila inapotoka na kurudi inafyonza vumbi ndani. Vuta hadi mwisho, weka f/8 (yaani tundu la lenzi liwe dogo), piga ukuta mweupe, kuza picha uikague pembe zote. Ukiona madoa ya kijivu yanayobaki palepale kila picha, mrudishie mwenyewe. Muuzaji akikukatalia kujaribu hivyo, ondoka.