Kukereza spindeli ya jiliwa, hesi ya Tr 30×6

Hamjambo watazamaji. Leo tuko karakanani hapa Changamwe, Mombasa, na hii niliyoishika ni spindeli, ile parafujo ndefu inayofunga na kufungua jiliwa, kibanio cha mezani. Imetoka kwa fundi wa mashua. Tazameni meno yake: katikati yamelika mpaka yamekuwa makali kama kisu, huku mwishoni bado mazima. Spindeli za jiliwa huchakaa hivyo, maana kazi yote hufanyika pale pale.

Jiliwa yenyewe haina ufa, kwa hivyo tunachonga spindeli mpya na nati yake. Hizi ni chanda na pete: ukitia spindeli mpya kwenye nati iliyolika, utaiharibu na hiyo mpya.

Hesi yetu, yaani haya meno yanayozunguka chuma, ni ya umbo la trapeza, Tr 30×6. Unene wa nje ni milimita 30, na kila mzunguko nati inasogea milimita 6. Kati ya pande mbili za jino pana pembe ya digrii 30. Hesi ya bolti ya kawaida ina digrii 60, kazi yake ni kushika isiachie. Hii yetu kazi yake ni kutembea na mzigo.

Chuma ni C45, chenye kaboni asilimia 0.45 hivi. Nondo ya kujengea msiniletee, nimeshasema. Nati ni ya bronzi, laini kuliko chuma, ili kulika kuanzie kwake, kwa kuwa yeye ni rahisi kubadilisha.

Funga chuma kwenye chaki, zile taya za mashine zinazokishika na kukizungusha, sawazisha uso, toboa tundu la senta, kitegemeze upande wa pili, kisha kereza mpaka 30. Mliotazama video za nyuma mnajua. Ila msisahau mfereji huu pale hesi inapoishia: uchimbe mpaka unene uwe chini kidogo ya milimita 23, kisu kipate pa kupumulia.

Kisu chenyewe noa kwa pembe ya digrii 30, ncha isizidi milimita 1.9. Ubavu unaotangulia upunguze zaidi. Hesi hii imelala digrii 4 hivi, na ubavu ukiwa mnene kisu kitasugua badala ya kukata.

Haya, sogeeni karibu, hapa ndipo penyewe. Mashine yetu ya kukereza ni kuukuu, ya vipimo vya inchi. Parafujo yake kuu ina meno 4 kwa inchi, yaani kila ikizunguka mara moja kigari, kile kinachobeba kisu, kinakwenda milimita 6.35. Sisi tunataka 6. Pigeni hesabu: 6 kwa 6.35 ni sawasawa na 120 kwa 127. Basi gia ya meno 120 inaendesha, ya meno 127 inaendeshwa. Kwa nini 127? Inchi ni milimita 25.4, na 25.4 mara 5 ni 127. Gia ndogo kuliko hiyo itakupa jibu la karibu, si jibu kamili. Yangu naifungia kabatini kwa kufuli, wallahi.

Kwa sababu hiyo hiyo, inchi na milimita kutolingana, ukishafunga ile nati nusu inayoshika parafujo kuu, usiifungue mpaka hesi iishe. Ukifika mferejini, toa kisu nje, geuza mota, kigari kirudi mwanzo, ndipo uingie tena. Nilipokuwa mwanafunzi niliifungua mara moja tu, nikaifunga nilipoona panafaa. Kisu kikapanda juu ya jino. Fundi wangu hakusema neno. Alikitundika kile chuma ukutani juu ya benchi yangu, kikakaa miaka miwili.

Sasa kata, polepole, mizunguko kama 60 kwa dakika. Mara ya kwanza kwaruza tu, kisha weka rula: hatua tano ziwe milimita 30. Zikikubali, ingiza kisu milimita 0.2, baadaye 0.1, mwisho 0.05, hadi kina cha 3.5. Mnasikia kinavyolia? Usikisukume moja kwa moja. Kisogeze kushoto kidogo, safari ijayo kulia, kikate ubavu mmoja mmoja. Mafuta yasikome. Maranda ya chuma ondoa kwa brashi, mashine ikiwa imezimwa.

Mtaniuliza, na viwandani? Huko nyingi hazikatwi, zinaviringishwa. Chuma chenye unene wa karibu milimita 27 hubanwa kikiwa baridi kati ya roli zenye umbo la hesi. Kinachokandamizwa mabondeni hupanda kikawa meno, bila maranda, na uso hutoka mgumu zaidi. Lakini roli ni ghali, nami nina mteja mmoja mwenye jiliwa moja.

Nati tuliikata asubuhi, tundu lake milimita 24, nayo ndiyo kipimo chetu. Ondoa vikwaruzo kwa tupa, futa, paka mafuta, izungushe kwa mkono. Hapa imekwama... bado. Nakata 0.05 nyingine. Tena. Haya, inakwenda mpaka mwisho, na ule mchezo mdogo mnaouona niachieni, ni nafasi ya grisi. Naifunga kwa kitambaa chenye mafuta, maana kwa hewa hii ya bahari, ukiilaza wazi utaikuta na kutu.