Shingo Ndiyo Huvunjika: Mhadhara wa Kutengeneza Vichokoo vya Kufuli kwa Mkono

Mabibi na mabwana, karibuni. Naona wengi mmekuja na michoro ya ncha: kulabu fupi, kulabu ndefu, zile za mawimbi. Ziwekeni pembeni kwanza. Ncha huvunjika mara chache. Kinachovunjika ni shingo, pale mpini unapokutana na ulimi, ile sehemu nyembamba inayoingia kwenye tundu la ufunguo, na chanzo chake ni chuma kisichofaa, joto, au mkwaruzo mmoja uliokatiza njia.

Tukumbushane kazi ya kifaa. Katika kufuli la pini, kuna silinda, ile sehemu inayozungushwa na ufunguo, na juu yake safu ya matundu; kila tundu lina pini mbili zilizopandana na springi inayozisukuma. Mahali zinapoachana pakilingana na ukingo wa silinda kwa matundu yote, silinda huzunguka. Kichokoo hunyanyua pini mojamoja, na kipande kingine kilichokunjwa, tukiite kikazio, huisukuma silinda kidogo ili pini iliyokwisha kupanda isirudi chini.

Chuma sasa. Bledi ya msumeno wa chuma ina urefu wa milimita 300 na unene wa kama 0.6, ukiikata katikati unapata vichokoo viwili. Chagua ile ya metali mbili, yenye mgongo unaopindika. Bledi ya kaboni iliyokazwa yote hukatika kama kioo. Kwa tundu jembamba la ufunguo, tumia geji bapa za mafundi wa magari, zile za kupimia nafasi ya valvu, jani la milimita 0.5. Kikazio kitoke kwenye waipa ya gari: ndani ya raba mna vipande viwili virefu vya chuma, na watu huvitupa!

Kwangua rangi, gundisha mchoro wa karatasi, vaa miwani. Ondoa meno ya bledi kwanza kwenye jiwe la kusagia, kisha sogelea mchoro lakini uache kama nusu milimita. Gusa jiwe sekunde mbili, chovya majini, gusa tena. Shika kwa vidole vitupu, bila glavu: kikiwa cha moto hata kukushinda kushika, umechelewa kuchovya. Jani la geji likigeuka buluu, limefika karibu nyuzi 300 na ugumu wake umeanza kutoka. Kata sehemu hiyo uitupe. Bledi ya metali mbili huvumilia zaidi, maana kiwandani ilipitishwa kwenye joto kubwa kuliko hilo.

Nusu milimita iliyobaki ni ya tupa ndogo za almasi. Ulimi uwe na kimo cha milimita 2 hivi, upanuke polepole kuelekea mpini. Pale shingoni pasiwe na kona. Weka mviringo ambao fimbo ya tupa ya duara inaingia vizuri. Kona kali hukusanya nguvu zote mahali pamoja, na hapo ndipo ufa huanzia.

Halafu msasa: namba 240, 400, 600, umalizie na 1000 yenye maji. Piga kwa urefu wa kifaa, kutoka mpini kwenda ncha. Mistari inayokatiza ni mwanzo wa nyufa, na pia hukwama kwenye pini, ukadhani pini imekaa kumbe ni msasa wako. Viringisha kingo za chini ya ulimi, maana huko ndiko kifaa husugua kuta za tundu la ufunguo.

Jaribu kabla ya kuuvisha mpini kifuniko. Bana mpini kwenye jiliwa, sukuma ncha kwa dole gumba mpaka upinde wa nyuzi 20. Kikirudi kilivyokuwa, sawa. Kikibaki kimepinda, joto lilikiharibu.

Kikazio ni rahisi: mguu wa milimita 10 uliokunjwa pembe mraba, baridi, kwa kuzungushia msumari mnene badala ya ukingo mkali wa jiliwa. Watu hukosea kwa kukifanya kinene mno, kikaziba nafasi ya kichokoo.

Vilabu vya mchezo wa kufungua kufuli bila ufunguo, kama kile kilichoanzishwa Hamburg mwaka 1997, hufungua kufuli ambazo ni mali ya mchezaji na hazina kazi mlangoni. Sababu ni kwamba pini na springi huchakaa. Na usitembee navyo usiku. Sheria za jinai za Kenya na Tanzania humtaka anayekutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba aeleze sababu halali, na mzigo wa kuithibitisha ni wake.

Sasa pitisheni hivi viwili, kimoja kimepigwa msasa kwa urefu, kingine kwa upana. Vipindeni.