Kicheko Kinachomficha Muuaji

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, hasa ninyi mliotoka kazini moja kwa moja. Leo nitazungumzia riwaya za mauaji zinazochekesha, zile ambazo maiti hukutwa kwenye kijiji cha Uingereza chenye kanisa la mawe, duka la posta na bustani za maua. Wengi huziita hadithi nyepesi. Nimezifundisha miaka mingi na sikubaliani nao hata kidogo.

Tuanzie mezani. Mwaka 1930 mwandishi Mwingereza Agatha Christie alitoa The Murder at the Vicarage, riwaya ya kwanza ya Miss Marple, bibi mzee wa kijijini anayefumbua mauaji, na msimulizi wa riwaya hiyo ni kasisi wa kijiji cha St Mary Mead. Ni wakati wa chakula cha mchana. Kasisi ana kisu mkononi, anahangaika na nyama ya ng'ombe ya kuchemsha, nyama ngumu kwelikweli, na katika kuhangaika huko linamponyoka neno: atakayemuua Kanali Protheroe atakuwa ameutendea ulimwengu hisani. Mpwa wake anamrukia papo hapo, kwamba maneno hayo yatamrudia siku mzee atakapokutwa kwenye dimbwi la damu. Tunacheka. Haupiti muda, Kanali anakutwa amelalia meza ya kuandikia ya kasisi yuleyule, kapigwa risasi ya kichwa.

Kwa mzaha mmoja mwandishi ametuambia kwamba marehemu alichukiwa kiasi cha kumfanya hata mtu wa Mungu ateleze ulimi. Mwingine angehitaji sura nzima kutujengea jambo hilo.

Sasa nendeni nami kwenye chumba alimokutwa marehemu. Saa ya mezani imeanguka na kusimama saa 12 na dakika 22 jioni. Anaingia Inspekta Slack, ambaye jina lake kwa Kiingereza lina maana ya ulegevu, lakini mwenyewe hatulii: anafoka, anakatiza watu, anakimbia huku na huku. Kasisi anataka kumwambia jambo kuhusu saa ile, Inspekta hana nafasi ya kumsikiliza. Niliwahi kuwasomea wanafunzi wangu wa kidato cha sita sehemu hiyo kwa sauti, nikiitafsiri papo kwa papo. Darasa zima likacheka, mmoja akaanza hata kuigiza jinsi Inspekta anavyotembea. Nikafunga kitabu nikauliza: kasisi alitaka kusema nini? Hakuna mkono ulioinuka. Hawakuwa wameona kwamba kasisi alikuwa na neno moyoni. Basi neno lenyewe ni hili: saa ile nyumbani kwake huwekwa mbele dakika 15 kila siku, ili asichelewe shughuli zake. Hesabu yote ya Inspekta imejengwa juu ya saa isiyosema kweli.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mkatoliki aliyekuwa pia mtunzi wa riwaya hizi, aliandika kanuni 10 za upelelezi wa kubuni, na mojawapo inadai kwamba kila dalili anayoipata mpelelezi ionyeshwe msomaji saa hiyohiyo. Kanuni ya haki, lakini inambana mtunzi. Kama kila kitu lazima kiwe mezani, utaficha wapi? Waandishi hawa waliona kwamba mtu akicheka, macho yake hulegea. Dalili ukiizika chini ya huzuni, msomaji ataifukua, kwa sababu mwenye huzuni huwa macho. Ukiiweka ndani ya kichekesho ataipita, na baadaye hana wa kumlaumu, maana aliiona.

Ndiyo maana mimi si mpenzi sana wa mfululizo wa televisheni wa Midsomer Murders, ulioanza 1997. Kuna kipindi mtu anauawa kwa gurudumu la jibini. Utacheka, ndiyo, lakini kicheko kile hakifichi kitu.

Mwandishi M. C. Beaton aliielewa siri hii vizuri zaidi. Katika riwaya yake ya 1992, mhusika wake Agatha Raisin anaiacha London na kuhamia kijiji cha Carsely, kwenye vilima vya Cotswolds, akitaka wenyeji wampokee. Anaingia shindano la kuoka pai ya mayai, na kupika hajui. Anachofanya ni kwenda London, kununua pai dukani na kuileta kama yake. Mwamuzi anaila, anakufa kwa sumu. Mwanamke wa watu, ili ajivue kosa la kuua, inabidi akiri mbele ya kijiji kwamba hakuoka. Mimi humhurumia sana pale, kwa sababu jijini aibu hiyo ingeisha kesho yake, lakini kijijini atakutana nayo kila atokapo mlangoni.

Na kijiji ni lazima, kwa sababu ya umbea. Miss Marple anashinda bustanini akipalilia, ana darubini ya kutazama ndege, na hakuna anayepita njiani asimwone. Kwetu, Muhammed Said Abdulla alimleta mpelelezi Bwana Msa na rafiki yake Najum katika Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, na msomaji wa Unguja hakuhitaji kuelezwa jinsi habari inavyotoka baraza moja hadi nyingine.

Lakini nataka niwaache sebuleni kwa Miss Marple, katika hadithi fupi ya 1927 alikotokea mara ya kwanza. Kavaa gauni jeusi na glavu za lesi, anafuma sufu nyeupe. Wageni wanapeana mafumbo. Yeye anaanza na habari ya jirani aliyenunua kamba wadogo waliomenywa, wakapotea kabla hajafika nyumbani. Wanamvumilia. Linakuja fumbo la mke aliyekufa kwa sumu. Kila mtu anabahatisha, naye anamkumbuka mzee mmoja wa kijijini aliyekuwa na mwanamke wa pembeni. Mpwa wake anaona shangazi kapotea njia. Aliyeujua ukweli pale ni mmoja, Sir Henry Clithering, mkuu mstaafu wa Scotland Yard, yaani polisi wa London, na yeye ndiye aliyeshikwa na mshangao.