Muulize Kwanza, Ndipo Umpe Kitabu

Walimu wenzangu, na nyinyi wazazi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja, asanteni. Mlionizidi umri, shikamooni.

Naanza na kosa langu. Nilipokuwa nasimamia maktaba ya shule, alikuja binti wa kidato cha kwanza akaomba "kitabu kizuri". Nikampa Kusadikika cha Shaaban Robert, kwa sababu mimi nakipenda. Siku ya pili akakirudisha, kurasa bado zimegandana, na muhula mzima sikumwona tena pale. Kitabu hakina kosa. Mimi ndiye sikumuuliza chochote.

Sasa nauliza: hadithi gani ya mwisho ilikufanya ukaitwa usisikie? Hata ikiwa tamthilia ya runinga, sawa, nimeshapata pa kuanzia. Anayependa upelelezi namkutanisha na Bwana Msa na kiko chake, ndani ya Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960. Yule anayeishi bila baba, nao ni wengi kuliko tunavyodhani, namwachia mezani Siku Njema cha Ken Walibora. Humo Kongowea anaondoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Simwambii kwa nini nimemchagulia hicho.

Na Shaaban Robert sijamwacha, nimebadili mlango tu. Naanza na Adili na Nduguze, na kitabu chenyewe sikitoi mapema. Nawasimulia: palikuwa na mtawala mwema, watu wote wanamsifu kwa haki. Lakini ana manyani wawili, na usiku huwachapa viboko. Mfalme akapata habari, akamwita ajieleze. Hapo nanyamaza. Darasa zima kimya, kisha mmoja anashindwa kuvumilia: "Halafu, mwalimu?" Halafu imo humu, na nakala ninazo tatu. Siku hiyo huwa wanazigombania.

Wazazi huniuliza sana juu ya mambo ya mapenzi vitabuni. Ni haki yenu kuuliza. Rosa Mistika cha Kezilahabi, cha 1971, kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, baadaye kikafundishwa. Mimi simpi mtoto wa miaka 12. Wa kidato cha nne nampa, tena nataka tuzungumze. Ila kisome wewe kwanza, mama, baba. Usikikatae kwa kusikia.

Na jambo moja nawasihi sana: akimaliza kitabu, msimdai muhtasari. Mitihani anayo ya kutosha. Kikimshinda katikati, aruhusiwe kukiacha, achukue kingine.

Vitabu nilivyovitaja viko pale karibu na mlango. Kabla ya chai, kila mmoja achukue kimoja, asome ukurasa wa kwanza kwa sauti, amfikirie mtoto wake mmoja kwa jina.