Jina la Ofisi Lipite Mdomoni Kwanza

Ndugu zangu, karibuni. Nafurahi kuona wahasibu, wapima ardhi, wabunifu majengo na mawakili vijana mmekaa pamoja, maana kosa lenu ni moja. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, mabango mapya yamejaa kuanzia Area C hadi Nzuguni. Mimi huyasoma yote nikipita, na majina mengi nikifika nyumbani siwezi kuyataja.

Hoja yangu mnaijua, nimeisema sana na leo naisema tena. Mteja wa kazi ya kitaalamu haletwi na bango, analetwa na mtu. Nani anakabidhi vitabu vyake vya hesabu kwa sababu bango lina rangi nzuri? Anavikabidhi kwa sababu shemeji yake kamwambia, nenda kwa fulani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya jina ni kutoka kinywani mwa mtu mmoja na kufika sikioni mwa mwingine likiwa zima.

Yuko mama mmoja ana mashine ya kukamua alizeti Kibaigwa. Alipata barua ya kodi, akampigia mwenzake wa hapa mjini kuuliza anatumia mhasibu gani. Nilikuwepo, simu iko kwenye spika, upande wa pili mashine inanguruma. Mwenzake akaanza kutaja jina: herufi tatu za mwanzo za majina ya mwenye ofisi na mkewe, halafu maneno manne ya Kiingereza. "Sijasikia, dada, rudia." Akarudia. "Ni B au D?" Akarudia tena, safari hii maneno mawili ya mwisho yamebadilishana nafasi. "Haya basi, nitumie namba." Mara mteja akaingia dukani, namba ikasahaulika. Kesho yake yule mama alishapata mhasibu palepale Kibaigwa, kijana anayejulikana kwa jina la baba yake. Huyu wa herufi tatu ni mhasibu mzuri, namfahamu. Mpaka leo hajui kwamba kazi ile ilimpita.

Najua mnataka kusema nini: mbona kampuni kubwa za ukaguzi wa hesabu kama KPMG ni herufi tupu? Sikilizeni vizuri. Hizo ni herufi za Klynveld, Peat, Marwick na Goerdeler, majina yaliyokuwa yakifahamika tayari kabla ya muungano wa mwaka 1987. Ernst & Young walijifupisha kuwa EY mwaka 2013, wakati walishajulikana kila pembe. Deloitte naye alikuwa mtu kabisa, William Welch Deloitte, aliyefungua ofisi London mwaka 1845. Wote hao walianza na majina ya watu, vifupisho vikafuata. Wewe ofisi yako ni chumba kimoja Nkuhungu, unaanza na kifupisho! Nani atakifumbua?

Mwingine ataniambia, nikitumia jina la ukoo sitaweza kumwachia mtu ofisi. Deloitte alishafariki zamani, jina bado linafanya kazi. Katika huduma hizi mteja anamfuata mtu anayemwamini, kwa nini basi umfiche mtu huyo? Tuseme unaitwa Ndahani na kazi yako ni hesabu. Ndahani Wahasibu. Inatosha, usiongeze kitu.

Kama jina lako linasumbua, na wengi wetu l na r tunazibadilishana, h tunaimeza, basi tafuta neno fupi ambalo hata likitamkwa vibaya litaandikwa sawa. Lakini msichukue Dodoma wala Makao Makuu. Mtaa mzima umeshayachukua, barua yako itapelekwa kwa jirani. Na maneno yanayofanya ofisi ionekane ni ya Serikali, achaneni nayo kabisa.

Naona naonyeshwa saa, niharakishe. Kabla ya kuchapisha bango, ingieni kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mtafute kama jina halijachukuliwa. Jina la biashara si kampuni: deni la ofisi ni deni lako, na neno Limited si lako kulibandika. Jina liandikwe herufi kwa herufi sawasawa kwenye TIN, leseni, akaunti ya benki, risiti na muhuri. Kijana mmoja ninayemjua alirudishiwa ankara yake kwa sababu benki waliandika "na" pale ambapo cheti kina alama ya "&", na malipo yakalala. Jina pia lisitangaze taaluma ambayo hujasajiliwa. Wakaguzi wa hesabu wana bodi yao, NBAA, wahandisi wana yao, ERB, na bodi hizo haziangalii bango, zinaangalia cheti.

Alama ya huduma, yaani jina au nembo inayotofautisha huduma yako na ya wengine, ni jambo jingine, ina sheria yake ya mwaka 1986. Ukisajili unalindwa miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Ulinzi huo ni wa Bara tu. Mwenye wateja Zanzibar akasajili na kule. Nembo na rangi sizigusi leo.

Waliokuja na majina yao kwenye karatasi wasogee mbele. Kila mmoja amsomee mwenzake jina mara moja tu, bila kumwonyesha, mwenzake aandike alichosikia. Tuanze na wewe dada wa mstari wa pili.